Mtutu au Mizani: Taifa Lilale Salama kwa Lipi?

Pale Posta, Mtaa wa Samora unapokutana na Maktaba, kuna Askari wa shaba aliyeinama kidogo kama mtu anayenyemelea, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Yupo hapo tangu 1927. Waingereza walimsimamisha kuwakumbuka Waafrika waliopigana upande wao katika Vita Kuu ya Kwanza, mahali ambapo kabla yake Wajerumani walikuwa wamemweka gavana wao, Hermann von Wissmann. Maandishi ya chini yanawataja pia wapagazi, kwamba walikuwa mikono na miguu ya jeshi. Lakini hakuna mpagazi wa shaba. Wao, ambao maradhi na njaa viliwamaliza wengi kuliko risasi, waliachiwa jina tu: kambi yao ya Carrier Corps ndiyo ambayo midomo ya watu iliigeuza Kariakoo.

Kutoka kwa Askari hadi Kariakoo ni nusu saa kwa miguu. Kila nikipita najiuliza: singe inatazama baharini, sawa, je, siku taabu ikiamkia Kariakoo, Askari atageuka? Na akigeuka, atakuwa anamlinda nani?

Swali hili limenirudia kwa sababu ya binti wa dada yangu. Yuko kidato cha sita, na klabu yao ya Kiswahili imeandaa mdahalo kuhusu kama haki ya kijamii ni msingi bora wa usalama wa taifa kuliko nguvu za kijeshi. Upande watapangiwa kwa kura. Akanipigia: "Shikamoo Mjomba. Wewe ungekuwa upande gani?" Nikamjibu kwamba inategemea. Akaguna, kama wanavyoguna vijana wakipewa jibu la kizee. Basi nimekaa nikaandika inategemea nini, kwa ajili yake na kwa yeyote aliyekwama katikati, awe mwanafunzi, mpiga kura anayesikiliza bajeti ikisomwa kila Juni, au mjumbe wa mtaa mwenye fungu dogo na malalamiko mengi.

Kwanza tusafishe neno lenyewe. Kijiweni ukitamka "usalama wa taifa", watu hushusha sauti na kuangalia nani amekaa benchi la nyuma, maana mtaani hilo ni jina la wale jamaa, si jina la hali. Mimi nazungumzia hali: nchi isivamiwe, isipasuke vipande, na mtu wake alale bila hofu ya mlango kugongwa, anayegonga awe jambazi au mwenye sare.

Wanaoshindana ni hawa. Upande wa kwanza ni nguvu za kijeshi: wanajeshi, silaha, polisi wenye mitutu, ujasusi. Hoja yake ni kwamba adui huheshimu anachokiogopa. Upande wa pili ni haki ya kijamii: ardhi isiyoporwa, shule na zahanati zinazomfikia wa mwisho, mahakama isiyonunulika, kura inayohesabiwa, ajira isiyouliza ukoo. Hoja yake ni kwamba mwenye chake ndani ya nyumba hawezi kuichoma. Wazo hili la pili si la wanaharakati tu. Ripoti ya 1994 ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, kuhusu maendeleo ya binadamu iliupanua usalama ukawa na pande saba: uchumi, chakula, afya, mazingira, mtu binafsi, jamii na siasa. Na sisi tulikuwa tumeshazoea kusikia ujinga, maradhi na umaskini wakiitwa maadui. Neno la vita, kwa vitu visivyopigwa risasi.

Vipimo nitakavyotumia kwa pande zote mbili ni vitano: adui anatokea wapi; inachukua muda gani; gharama yake ni nini na nani anailipa; ikiharibika inaharibikaje; na utajuaje kama inafanya kazi. Sitavipa uzito sawa, kwa sababu havina uzito sawa.

ADUI ANATOKEA WAPI

Adui akitoka nje, jeshi lina hoja ambayo mtu wa hapa hahitaji kufundishwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, na Novemba 1 Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera ni yake. Daraja la Kyaka likavunjwa. Hapo hakuna zahanati wala shule ambayo ingemrudisha nyumbani. Alirudishwa kwa mizinga, na Aprili 11, 1979 Kampala ilikuwa imeanguka.

Hata hivyo, yatazame tena maneno ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978, yale ambayo hata waliozaliwa miaka ya tisini wanayajua kwa moyo: uwezo wa kumpiga, sababu ya kumpiga, nia ya kumpiga. Tunayakariri kama wimbo, kwa hiyo hatuyahesabu. Uwezo ni mmoja kati ya vitatu. Sababu ni suala la haki, na nia ni suala la watu. Jeshi la wakati ule halikuwa kubwa, nchi ikalikuza kwa mgambo, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi na magereza. Mgambo hawezi kuitwa akaja kama anaona nchi si yake. Sisemi kwamba ujamaa ndio uliompiga Amin. Ninachosema ni kwamba bunduki ilimkuta mtu wa kuishika.

Wanaoipigania haki peke yake wana Costa Rica, na ni mfano mzito. Desemba 1, 1948 José Figueres alilifuta jeshi, katiba ya 1949 ikalithibitisha hilo, na kambi ya Bellavista ikawa makumbusho ya taifa. Hawajalirudisha mpaka leo, katika kanda ambayo majirani wamepinduana na kuuana kwa miongo. Ila wanaoutaja mfano huu huwa wanaruka mwaka 1955, wavamizi walipoingia kutoka upande wa Nicaragua. Costa Rica ilikimbilia Umoja wa Nchi za Amerika, na Marekani ikaiuzia ndege 4 za kivita kwa dola 1 kila moja. Kwa hiyo jeshi lilikuwepo, ila lilikuwa la mtu mwingine.

Botswana inanifundisha zaidi. Ilipata uhuru 1966 na kwa zaidi ya miaka kumi haikuwa na jeshi, ilikuwa na polisi tu. Almasi yake ikaenda kwenye barabara na shule, chaguzi zikafanyika. Walichokosa ni jirani mwema. Wanajeshi wa Rhodesia walikuwa wakivuka mpaka wanavyotaka, na 1977 Botswana ikaunda jeshi lake. Haki iliwapa nchi tulivu ndani, lakini aliyevuka mpaka hakuijali haki yao.

Adui akitoka ndani, mizani inageuka. Siad Barre wa Somalia alikuwa na jeshi miongoni mwa makubwa zaidi Afrika, na taifa la lugha moja na dini moja, sifa ambazo wengine tungezililia. Alianza kuligeuza jeshi lile dhidi ya raia wake, na Januari 1991 aliikimbia Mogadishu, nchi ikabaki bila serikali. Muungano wa Kisovieti uliondoka mwaka huohuo ukiwa na maelfu ya vichwa vya nyuklia, na hakikupigwa hata kimoja, maana huwezi kuwarushia bomu watu waliokuchoka.

Na kuna Tunisia. Desemba 17, 2010, katika mji wa Sidi Bouzid, Mohamed Bouazizi, mwenye mkokoteni wa matunda na mboga, alijichoma moto baada ya kunyang'anywa bidhaa zake. Kwa Kiswahili chetu, machinga. Januari 14, 2011 Rais Ben Ali alikuwa ndani ya ndege akikimbia. Alikuwa na polisi kila kona, na siku ya mwisho jeshi halikusimama naye. Mtu yeyote aliyeona mgambo wa jiji wakipakia meza za watu kwenye gari, Kariakoo au Mbagala, anaijua picha hiyo bila kuelezwa.

MUDA

Hapa jeshi lina nguvu kuliko watetezi wa haki wanavyokubali. Oktoba 2017 kundi lenye silaha lilishambulia Mocímboa da Praia, Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Huko kuna watu wanaoongea Kiswahili, Kimakonde na Kimwani. Ni ndugu, wana wajomba Mtwara. Malalamiko yalikuwepo kabla ya bunduki: rubi za Montepuez, gesi ya Palma, vijana wa pale wakitazama utajiri ukipita kama basi lisilosimama kituoni kwao. Agosti 2020 waasi waliuteka mji wa Mocímboa da Praia. Oktoba 2020 walivuka wakashambulia kijiji cha Kitaya, upande wetu. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Julai 2021 Rwanda ikapeleka wanajeshi, SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikafuata na kikosi ambamo Tanzania ilikuwemo, na Agosti Mocímboa da Praia ikarudi mikononi mwa serikali.

Mji uliokaa mwaka mzima kwa waasi ulirudi ndani ya wiki chache. Ungemwambia mama wa Palma asubiri sera ya ajira kwa vijana? Shule unayojenga leo itaanza kukulinda baada ya miaka 15, na mwenye panga yuko mlangoni sasa hivi.

Lakini mashambulizi Cabo Delgado hayakuisha na mji kukombolewa. Yalitawanyika vijijini. Aliyefunga bomba linalovuja kwa mkono amefanya kazi nzuri mpaka mkono uchoke, ndiyo maana kwenye kipimo hiki mimi huuliza maswali mawili badala ya moja: itaanza kufanya kazi lini, na itaacha lini? Nguvu huanza leo na huacha siku majeshi yanapoondoka. Haki huchelewa kuanza, ila ikishaota hairudi kambini.

Sisi wenyewe tumeonja pande zote mbili za jambo hili kusini kwetu. Mwaka 2013 Mtwara iliwaka kwa sababu ya bomba la kusafirisha gesi kuja Dar es Salaam, na wanajeshi wakapelekwa. Utulivu ulirudi upesi. Swali la watu wa Mtwara kwamba gesi hii itawaachia nini halikuwa swali la kijeshi, na lisingejibiwa na mtu mwenye kofia ya chuma hata angekuwa na moyo mwema kiasi gani.

GHARAMA NA ANAYELIPA

Vita vya Kagera tulivishinda, kisha tukavilipia. Watu wazima wanakumbuka wakiambiwa wafunge mikanda miezi 18. Ikawa miaka. Foleni za sukari, sabuni ya kugawana, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, uliokuwa ukinuka ghala. Si vita peke yake vilivyoleta hayo, maana bei ya mafuta ilipanda duniani na sera zetu zilikuwa na matundu yake, lakini vita vilikomba kilichokuwepo. Aliyelipa ni yule aliyesimama kwenye foleni. Hata silaha zisizopigwa zinalipiwa: mafuta, vipuri, chakula cha askari, pensheni.

Watetezi wa haki hupenda kusema haki ni rahisi. Si kweli, na wazee wa Upanga watakwambia. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha. Kwa mpangaji aliyekuwa akikamuliwa kodi ilikuwa haki imeshuka kutoka mbinguni. Kwa familia iliyojenga ghorofa moja kwa jasho la vizazi viwili ilikuwa wizi wenye muhuri, na wengi wao, hasa wenye asili ya Asia, walifunga mizigo wakaondoka. Kisha Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976: lengo likiwa shule, maji na zahanati karibu na watu, njia ikiwa magari ya serikali na nyumba zilizobomolewa ili mwenye nyumba asirudi. Unaweza kupeleka haki kwa njia ya bunduki, na anayeipokea hakumbuki zahanati, anakumbuka siku alipohamishwa.

Kwa hiyo tofauti haiko kwenye ukubwa wa bili. Bili ya jeshi hugawanywa kwa wote bila kuulizwa. Bili ya haki humfikia kwanza mwenye nacho, na mwenye nacho ana sauti, kwa hiyo huahirishwa.

IKIHARIBIKA, INAHARIBIKAJE

Hiki ndicho kipimo ambacho ningekiweka mbele kama ningekuwa nachagua, na mfano wake uko kwenye njia ya daladala. Ukitoka Mwenge kuelekea Tegeta unapita Lugalo. Leo watu wengi wanaijua kwa hospitali ya jeshi. Mwaka 1964 iliitwa Colito, na usiku wa kuamkia Januari 20 wanajeshi wa Tanganyika Rifles waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakaingia mjini, wakashika redio na uwanja wa ndege. Rais alifichwa. Oscar Kambona, waziri, akaenda kuzungumza nao. Maofisa wa Kiingereza wakapakiwa ndege kwenda Nairobi. Mjini maduka yakaporwa na watu wakauawa. Kikosi cha Tabora nacho kikaasi, na ndani ya wiki hiyohiyo maasi yakatokea Uganda na Kenya.

Walidai nini? Mshahara, na vyeo. Nchi ilikuwa na uhuru tangu Desemba 1961, na askari alikuwa bado akipigia saluti ofisa yuleyule wa kikoloni, kwa ujira ambao aliona ni dharau. Hawakutumwa na adui wa nje. Lilikuwa dai la haki, limeshika bunduki kwa sababu kazi yake ilikuwa kushika bunduki. Na namna serikali ilivyolazimika kuizima ndiyo iliyomuuma Mwalimu: Januari 25 makomando wa Uingereza waliletwa kwa helikopta kutoka manowari HMS Centaur. Nchi huru ikaokolewa na mkoloni wa juzi, dhidi ya jeshi lake yenyewe.

Nikiwasikia watu wakisema "imarisha jeshi kwanza, haki itafuata", namkumbuka yule askari wa Colito. Yeye ni raia pia. Ana mke, ana kodi ya nyumba, anaona nani anapandishwa cheo na nani anasahauliwa. Jeshi jipya lililozaliwa Septemba 1, 1964 lilipewa jina ambalo tumelizoea mno kulisikia: Jeshi la Wananchi. Waliopewa uofisa walikuwa Waafrika, na Mirisho Sarakikya akawa mkuu wake wa kwanza. Walichofanya pale ni kutatua tatizo la ulinzi na tatizo la haki kwa karatasi moja. Jeshi hilo halijawahi kuipindua serikali, katika bara ambalo redio za asubuhi zilikuwa zikitangaza mapinduzi kama hali ya hewa.

Kwingine imeharibika kwa njia ambayo Mtanzania ataielewa kwa neno moja. Afghanistan ilikuwa na majeshi yanayohesabiwa karibu 300,000 kwenye makaratasi, yaliyogharimiwa na Marekani kwa mabilioni. Wengi walikuwa askari hewa, majina kwenye orodha ili mkubwa ale mshahara. Waliokuwepo kweli hawakulipwa kwa wakati. Agosti 15, 2021 Kabul ilianguka karibu bila kupiganiwa.

Na haki ikiharibika? Kuna namna mbili. Ya kwanza ni kugeuka ahadi: mabango, uzinduzi, utepe, na bomba lisilotoa maji. Watu walioahidiwa wana hasira kuliko wasioahidiwa. Ya pili ni huduma bila sauti. Libya ya Gaddafi ilikuwa na elimu na matibabu ambayo majirani waliyatamani, na kwa viwango vya maendeleo ya binadamu ilikuwa miongoni mwa nchi za juu kabisa Afrika. Mwaka 2011 haikumsaidia. Angetetewa vipi na mtu aliyelishwa miaka 42 bila kuulizwa anataka nini? Unapomsikia mwanasiasa akihesabu vyumba vya madarasa kama jibu la swali la kura, kumbuka Tripoli. Haki ya kijamii si sadaka.

Tofauti kubwa ninayoiona ni hii: haki ikioza unaiona kwa miaka, watu wananung'unika, magazeti yanaandika, wakubwa wanapuuza. Jeshi likioza unalijua usiku mmoja.

UTAJUAJE KAMA INAFANYA KAZI

Kwa ufupi: jeshi linaonekana, haki haionekani. Desemba 9, gwaride likiwepo, utahesabu vikosi vikipita mbele ya jukwaa, utasikia ndege zikipasua anga. Mizani haina gwaride. Ndiyo maana bajeti ya ulinzi hujitetea yenyewe na bajeti ya msaada wa kisheria hutetewa na watu watatu kwenye chumba chenye feni mbovu.

Ila kuonekana nako hudanganya. Tulijiita kisiwa cha amani muda mrefu. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, vijana waliingia barabarani hapa Dar, moto ukawaka, risasi zikalia, watu wakafa. Jiji likawekewa amri ya kutotoka nje usiku, wanajeshi wakawa barabarani, intaneti ikazimwa siku kadhaa. Kila upande wa mdahalo huu una namna yake ya kuisoma siku hiyo. Wa jeshi anasema: bila nguvu mji ungeteketea. Wa haki anasema: mji wenye haki haufiki hapo. Ninawasikia wote wawili, na ninagundua kwamba hawabishani. Mmoja anazungumzia saa moja usiku, mwingine anazungumzia miaka iliyotangulia saa hiyo.

KWA HALI YAKO

Ukiwa unafikiria nchi ndogo yenye jirani mwenye tamaa, usiiache kwa mizani peke yake. Ama ijenge jeshi dogo lenye akili, ama ikope jeshi la rafiki kama Costa Rica, ikijua kwamba rafiki ana siku zake mbaya. Botswana ya 1966 ilikuwa sahihi. Botswana ya 1977 nayo ilikuwa sahihi.

Kama ni nchi iliyogundua gesi au rubi kwenye mkoa uliosahauliwa, shilingi ya kwanza iende kwenye haki, na iende kabla ya mashine za kuchimba hazijafika: nani ana ardhi, nani anaajiriwa, halmashauri inapata nini. Hapo kila mwaka wa kuchelewa hununuliwa baadaye kwa wanajeshi, kwa bei ya juu.

Nchi inayotoka vitani, yenye askari wasiolipwa, haina anasa ya kuchagua. Haki ianzie kambini: mshahara kwa wakati, vyeo kwa sifa, orodha bila majina hewa.

Mapigano yakiwa yameshaanza na watu wanakimbia na vikapu kichwani, tumia nguvu, lakini siku ya kwanza uliza nani atakuja nyuma ya wanajeshi. Kama jibu ni hakuna mtu, umenunua muda tu. Muda nao ni kitu, usidharauliwe; ila usiuite ushindi.

Mjumbe wa mtaa, wewe nimekuwekea yako. Panya Road, magenge ya vijana wenye mapanga, walipotutisha 2022, mtaani kwetu tulikuwa na kikao kilichoisha saa nne usiku. Nusu walitaka kila nyumba ichange fedha ya ulinzi shirikishi, virungu na filimbi. Mama mmoja muuza maandazi akasimama: "Mwenyekiti, hao watoto nawajua kwa majina. Wawili walikuwa wanakuja kwangu kubeba maji, mpaka kisima kikafungwa." Kukawa kimya, kisha mzee mmoja akamjibu: "Ni kweli, mama. Lakini leo usiku wakija na mapanga, utawaita kwa majina?" Tulichanga fedha ya ulinzi miezi mitatu na taa nne za barabarani. Kisima kilifunguliwa mwaka uliofuata. Kwa mtaa, mpangilio huo si mbaya, ili mradi mwaka unaofuata uwepo kwenye muhtasari wa kikao, na tarehe yake.

Mpiga kura, Juni ikifika usiulize tu ulinzi umepewa kiasi gani. Uliza fungu la ulinzi limeelekea wapi: mpakani au mjini? Vifaa vya kuzuia waandamanaji na rada za baharini vyote huandikwa kwenye ukurasa wa usalama, na havilindi kitu kimoja.

Na sasa binti wa dada. Amenipigia jana jioni: kura imemwangukia upande wa jeshi, na ana huzuni kwa sababu rafiki zake wote wako upande wa pili. Nimemwambia asiwe mnyonge. Aanze na daraja la Kyaka, aende Palma, na akiulizwa kuhusu Lugalo 1964 asiikwepe, aitaje yeye kabla hawajaitaja.

"Mjomba, si itanimaliza?"

"Ukiitaja wewe, utaeleza na Septemba. Wakiitaja wao, wataishia Januari."

Akaandika. Nilisikia kalamu kwenye simu. Kisha akaniuliza Sarakikya anaandikwa kwa k ngapi.